Mtazame Mtoto, Usitazame Bango



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona la kitoto, nalo ni namna ya kuchagua onyesho la kuteleza kwenye barafu la kuipeleka familia. Nimelichagua kwa sababu ndugu zetu wengi wamehamia Minneapolis, Toronto, London na miji mingine ambako maonyesho haya hupita kila mwaka. Sisi tunaokwenda kuwatembelea ndio tunaoulizwa na watoto, "Mjomba, utatupeleka?" Tena gharama yake si mchezo. Mwenye watoto watatu akinunua tikiti tano, akalipia maegesho ya gari, akaongeza bisi na soda, huwa ametoa jasho la siku kadhaa kwa burudani ya saa mbili.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa methali hiyo inatuacha njiani, kwa maana maonyesho yote haya hujitembeza, mazuri kwa mabaya, yakibeba mapazia, taa na mavazi kutoka mji hadi mji. Mabango nayo yanafanana: rangi nyingi, nyuso za kucheka na neno "familia" kwa herufi kubwa. Hebu basi tuyatenganishe.

Liko kundi la kwanza, la hadithi za katuni. Linalojulikana zaidi ni Disney On Ice, lililoanzishwa Marekani mwaka 1981 na kampuni ya familia ya Feld, ile ile yenye sarakasi ya Ringling. Humo watelezaji huvaa sura za akina Mickey, na maneno na nyimbo huwa vimerekodiwa zamani, wao wakifuatisha kwa vitendo. Kundi la pili ni la ngoma na mavazi ya fahari, mathalani Holiday on Ice, lililozaliwa Marekani mwaka 1943 na ambalo kwa miaka mingi sasa limekuwa likizunguka zaidi miji ya Ulaya. Kundi la tatu ni la mabingwa wenyewe. Mfano wake ni Stars on Ice, lililoanzishwa mwaka 1986 na Scott Hamilton, Mmarekani aliyeshinda medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Sarajevo mwaka 1984. Humo hamna panya wala binti mfalme, bali mtu, viatu vyenye makali ya chuma, na muziki.

Makundi yote matatu yanaweza kuwa mazuri. Swali ni mazuri kwa nani? Mtoto wa miaka minne ataliona la mabingwa kama watu wazima wanaozungukazunguka bila sababu. Mtoto wa miaka kumi na miwili naye, ukimpeleka kwa akina Mickey, huenda akaona umemdhalilisha mbele ya wenzake. Lakini mpeleke huyo huyo akamwone mtu akiruka, akazunguka mara tatu hewani na kutua kwa mguu mmoja, utamwona ameduwaa.

Nasema haya kwa sababu ya jambo nililolishuhudia katika ukumbi mmoja huko Marekani. Safu iliyokuwa mbele yangu alikaa baba mmoja na bintiye wa kama miaka mitatu. Taa zilipozimwa na ngurumo ya muziki kuanza, yule mtoto alificha uso kifuani mwa baba yake akalia. Baba akawa anamgeuza kichwa kwa nguvu na kumwambia, "Tazama! Nimelipa pesa nyingi!" Mtoto yule hakuwa mkorofi. Alikuwa mdogo tu. Aliyechagua si yeye, lakini aliyekemewa ni yeye.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Aghalabu tunachagua onyesho kwa sababu jirani alikwenda, au kwa sababu jina lake ni kubwa, au tupate picha ya kupeleka nyumbani. Kisha mtoto asipofurahi, tunamdai shukrani kama anayedai deni.

Kwa hiyo kabla ya kununua tikiti, jiulizeni machache. Je, mtoto anaijua hadithi itakayochezwa? Anaweza kukaa saa zima kabla ya mapumziko? Anaogopa giza au kelele? Kama anaogopa, subirini mwaka ujao, maonyesho haya hurudi. Kuhusu viti, msidhani vya chini kabisa ndivyo bora. Mtoto mfupi akiwa chini hukingwa na vichwa vya walio mbele, lakini akipanda safu kadhaa huiona michoro yote wanayoichora watelezaji barafuni, na mara nyingi bei hupungua. Chukueni sweta, kwani ukumbi huwa na baridi. Na kiasi cha fedha za vitu vya kuchezea vinavyowaka taa kipangwe nyumbani, maana mlangoni muuzaji huzungumza na mtoto wala si na wewe.

Wasikilizaji walioko Nairobi wataniambia barafu si ngeni kwao, maana uwanja wa kuteleza ulifunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005. Ni kweli, na mtoto aliyewahi kuanguka barafuni mwenyewe humheshimu zaidi yule asiyeanguka. Lakini hata asiye na barafu karibu anaweza kuutumia ushauri huu, iwe ni sarakasi, mazingaombwe au tamasha la sikukuu: kabla hujafungua mkoba, mtazame mtoto utakayemshika mkono, usilitazame bango.

Kwaherini hadi juma lijalo.