Ukijibiwa na Mashine, Tunza Jibu

Msikilizaji, ni saa saba usiku. Umemwandikia wakala wa safari, unauliza nauli ya kwenda Muscat. Jibu linakuja papo hapo. Aliyekujibu si mtu. Ni chatiboti, programu ya kompyuta inayojibu wateja.

Mawakala wanaing'ang'ania kwa sababu maswali ya wasafiri hujirudia. Mzigo kilo ngapi? Tarehe naweza kubadilisha? Mashine hujibu hayo usiku na mchana, tena watu wengi kwa mpigo. Mhudumu hubaki na kesi ngumu.

Lakini mashine hukosea, na ikikosea haisiti. Huko Kanada, abiria aliyefiwa na bibi yake aliiuliza chatiboti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Ikamwambia anaweza kukata tiketi kwanza, punguzo aombe baadaye. Alipoomba, shirika likakataa. Mwaka 2024, baraza la kutatua migogoro la jimbo la British Columbia likaamua kwamba shirika linawajibika kwa jibu la chatiboti yake, na limlipe. Abiria yule alikuwa na picha ya skrini ya mazungumzo. Alifanya la maana sana.

Basi nawe, tunza jibu. Kabla ya kulipa, piga picha ya skrini. Narudia: tunza jibu. Kuhusu viza, usiishie kwa mashine, uliza ubalozi. Majibu yakizunguka, andika: "Naomba kuongea na mhudumu." Asipopatikana mtu, pesa usitume kwanza.