Hadithi Moja, Midomo Miwili

Leo sikuja na orodha ya "usifanye hiki, usifanye kile". Hizo mmeshazisikia. Nimekuja na hadithi ya kubuni ya wapenzi wawili, wanafunzi wa hapa Mwanza. Tumsikilize kila mmoja kwa mdomo wake.

Mvulana wa kidato cha nne anasema: "Nilimpenda tangu siku tuliyopanda pamoja kivuko cha Kamanga. Jumamosi nilibeba samaki pale mwaloni Kirumba, nikapata hela kidogo. Nikamnunulia chipsi na soda, tukakaa kwenye mawe ya Capri Point tukitazama ziwa. Nilipomwambia twende chumbani kwa rafiki yangu, alicheka akainamisha kichwa. Nikajua amekubali. Washikaji walishaniambia, msichana hasemi ndiyo waziwazi. Tulipofika mlangoni akakimbia. Niliumia sana. Kumbe alikuwa ananichuna tu!"

Msichana wa kidato cha pili, miaka 16, anasema: "Nilimpenda, sikatai. Alikuwa akinifundisha hesabu mpaka naelewa. Chipsi nilizifurahia, tangu asubuhi nilikuwa sijala. Alipotaja chumba nilishtuka. Nilicheka kwa woga. Niliinama kwa sababu sikujua nimjibu nini mtu aliyetumia hela yake kwangu. Tulipofika mlangoni, miguu ikajibu kabla ya mdomo. Usiku nililia. Nilidhani hatanisalimia tena."

Umeona? Kicheko ni kile kile. Mmoja alisikia "ndiyo", mwenzake alikuwa anasema "naogopa". Ungemsikia mvulana peke yake, ungetoka hapa ukimwita binti mchunaji.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza kufundisha afya ya uzazi katika shule za msingi za vijijini mkoani Mwanza, na wanafunzi wenyewe waliigiza. Watafiti walipopima baadaye, ujuzi ulikuwa umeongezeka, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Kwa hiyo kujua peke yake hakutoshi. Mimi naona unaweza kupata mia kwa mia katika mtihani wa UKIMWI, halafu ukakwama pale mlangoni, kwa kuwa hamjazoea kuulizana.

Kaka, sikiliza: chipsi si mkataba, na kimya si ndiyo. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inasema kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mkeo ni kubaka, hata kama amekubali.

Na wewe dada, soda haina deni. Sema "sitaki" mapema ukiweza. Ukishindwa, kukimbia nako ni jibu, wala huna kosa. Na yeyote aliyelazimishwa, awe msichana au mvulana, awahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita. Zipo dawa za kuzuia VVU.

Sasa kazi yenu. Chukua daftari. Wavulana andikeni hadithi kama msichana, wasichana andikeni kama mvulana. Halafu someaneni bila kuchekana.

Hawa wawili hadithi yao haijaisha. Jumatatu watakutana getini. Nani aanze kusema, na aseme nini? Andika wewe.