Paa la Jengo la Chuma: Ulizeni Milimita Kabla ya Rangi



Ajengaye ghala au karakana kwa fremu ya chuma mara nyingi huuliza kwanza rangi ya bati na bei yake. Maswali hayo ni halali, lakini yapo matatu yanayopaswa kuyatangulia.

La kwanza ni umbo. Paa la mteremko mmoja hufaa jengo jembamba au lililoegemea ukuta. Maji yake yote hushukia upande mmoja, hivyo mfereji wake sharti uwe mpana. Jengo pana hufaa paa la pande mbili lenye kofia juu. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji hutuama kwenye maungio na kupenya chini ya bati.

La pili ni mpako. Yako mabati yaliyopakwa zinki pekee, na yako yaliyopakwa alumini na zinki kwa pamoja. Haya ya pili kwa kawaida hustahimili kutu zaidi. Kwa wakazi wa Tanga, Mtwara na Unguja, ambako upepo hubeba chumvi ya bahari, tofauti hiyo ni kubwa. Mwambieni fundi akate kwa mkasi wa bati, kwani cheche za mashine huunguza mpako, na kutu huanzia hapo.

La tatu ni unene, na hapa ndipo mnunuzi hupunjwa. Namba ya geji huenda kinyume: namba ikipanda, bati huwa jembamba. Kwa kipimo cha geji cha Uingereza, geji 28 ni takriban milimita 0.38, na geji 32 ni takriban milimita 0.27. Pengo hilo ni zaidi ya robo ya chuma, lakini jicho haliwezi kulitambua. Rangi nayo huongeza unene bila kuongeza nguvu. Basi ulizeni unene wa chuma kabla ya rangi, kisha pimeni kwa maikromita mabati mawili matatu kabla ya kupakia mzigo.

Mnapolinganisha bei, hesabuni upana unaofunika, si upana wa bati zima, kwa kuwa mabati hupishana. Tazameni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Daini risiti inayotaja geji, milimita, aina ya mpako, urefu na idadi. Risiti iliyoandikwa "mabati" tu haitamsaidia mlalamikaji kuthibitisha alichoahidiwa.

Bati likishatobolewa kwa misumari, ni vigumu muuzaji kukubali kulipokea tena. Kwa hiyo, pimeni lingali chini.