Kuitambua Mashine Kabla ya Kujenga Programu



Mada yangu inahusu mistari michache ambayo wengi wetu huiandika mwishoni, tukiwa tumechoka: ile inayoiuliza kompyuta ina mfumo endeshi gani na prosesa ya aina gani, kabla programu haijaanza kujengwa. Nimeona kazi nzuri ikikwama hapo, yangu ikiwemo, na nitaanza na hiyo yangu.

Nilikuwa nikijenga programu kwenye Raspberry Pi 4. Skripti niliyoiandika mwenyewe iliita amri ya uname -m, ikajibiwa aarch64, ikapakua zana ndogo ya biti 64 iliyohitajika wakati wa ujenzi. Nilipoiendesha zana hiyo, ganda likajibu kwamba faili halipo. Nikapiga ls: faili lipo. Nikatazama ruhusa: ya kuendesha ipo. Nikalipakua upya, nikapata jibu lile lile. Faili ninaliona kwa macho, na kompyuta inasema halipo.

Maelezo yake ni haya. Faili la programu ya Linux inayotegemea maktaba za nje hubeba ndani yake jina la kipakiaji kitakachoiandaa programu hiyo kabla haijaanza kwenda. Kwa aarch64 yenye maktaba ya C ya GNU, kipakiaji hicho ni /lib/ld-linux-aarch64.so.1. Mfumo uliokuwa kwenye kadi yangu ulikuwa wa biti 32, kwa hiyo kipakiaji hicho hakikuwamo. Kerneli ilikitafuta, ikakikosa, ikarudisha kosa la faili kutokuwepo. Ganda nalo likalitaja jina la programu yangu badala ya jina la kipakiaji.

Hapo ndipo nilipopiga amri tatu moja baada ya nyingine, na naomba mzinukuu. uname -m ikasema aarch64. getconf LONG_BIT ikasema 32. gcc -dumpmachine ikasema arm-linux-gnueabihf. Kompyuta ni moja na zote tatu zilisema kweli. Tangu 2023, Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa biti 32 huwashwa kwa kawaida na kerneli ya biti 64. uname huisemea kerneli. Kompaila huisemea programu itakayotoka mikononi mwake, na hiyo ndiyo tuliyokuja kuijenga. Kwa maoni yangu, skripti ya ujenzi iliyo na kompaila mkononi haina sababu ya kuanzia kwa uname.

Kwenye kompyuta za Apple zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2020 zikiwa na prosesa ya M1, mtego ni ule ule ukiwa umegeuzwa. Ukifungua ganda linalopitia Rosetta, yaani mfasiri wa programu za Intel, uname -m hujibu x86_64 ilhali prosesa ni ya ARM. Majina nayo hutofautiana: kile Linux inachokiita aarch64, macOS hukiita arm64, kile Linux inachokiita x86_64, FreeBSD hukiita amd64, na Windows hukiandika AMD64 kwa herufi kubwa. Skripti inayolinganisha neno moja tu huiacha nje mashine ambayo ingeiweza vizuri.

Mradi wa GNU ulilishughulikia tatizo hili zamani kwa skripti mbili zinazofuatana: config.guess na config.sub. Ya kwanza hukisia, ya pili husawazisha majina, ili amd64-linux liwe x86_64-pc-linux-gnu. Jina hilo lina sehemu zake: prosesa, mtengenezaji, kerneli, na mazingira ya maktaba. Ukiifungua config.guess utakuta orodha ndefu ya mashine, nyingi zimeshaacha kutengenezwa, na mahali fulani utaikuta ikiandika kijifaili cha C na kukipitisha kwenye kompaila ili ijue kama maktaba ya C ni ya GNU, ni uClibc, au ni nyingine. Waliotangulia walikwisha kuona kwamba uname peke yake haitoshi.

Skripti hizo zina tarehe mwanzoni, kwenye mstari wa timestamp. Itazameni. Kifurushi cha zamani kilichobeba nakala ya 2005 hakijapata kusikia habari za aarch64, kwa hiyo configure, skripti inayoziita hizo mbili, husimama na kusema haiwezi kukisia mashine ya ujenzi. Wengi hapo huanza kukarabati msimbo wa programu, na msimbo hauna kosa lolote. Dawa ni kuweka nakala mpya za skripti hizo mbili. Debian waliona tabu hii ikijirudia katika vifurushi vingi mno, wakaifanya zana yao ya kufungashia izibadilishe yenyewe.

Kuna maneno matatu ya Autoconf, zana inayotengeneza skripti ya configure, yanayowachanganya wanafunzi wangu kila mwaka: build, host na target. Kiswahili kinatusaidia hapa kupitia kauli ya kutendea. Ya kwanza ni mashine ya kujengea. Ya pili ni mashine ya kuendeshea, pale programu itakapofanyia kazi. Ya tatu ni mashine ya kutolewa msimbo, nayo inawahusu tu wanaojenga kompaila na zana za jamii hiyo. Mtu anayejenga kwenye kompyuta yake ya mezani programu ya kwenda kwenye ruta, host yake ni ile ruta. Skripti inayoita uname hapo inaiuliza kompyuta isiyohusika.

Ujenzi wa namna hiyo una sharti jingine: huwezi kuendesha majaribio, kwa sababu matokeo ni ya prosesa nyingine. Autoconf hupata ukubwa wa aina ya data bila kuendesha chochote. Huandika safu ambayo urefu wake unakuwa hasi endapo dhana kuhusu ukubwa huo ni ya uongo. Kompaila ikikataa, jibu limepatikana. Huo ni ufundi wa kuigwa.

Mara nyingi, hata hivyo, jina la mfumo si jambo tunalolihitaji. Anayetaka kujua kama kuna epoll (ya Linux) au kqueue (ya BSD), njia za kerneli za kusubiri matukio, aulize kuhusu epoll na kqueue. Skripti inayosema kwamba isiyo Linux basi ni BSD itavunjika siku itakapofika Solaris.

Niseme pia juu ya xz, zana ya kubana data, kwa sababu inatuhusu moja kwa moja. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. Mlango huo uliingizwa kupitia skripti za ujenzi, nazo zilikagua kwanza kama jina la mashine linaanza na x86_64 na kuishia na linux-gnu; kwingineko zilinyamaza. Mistari ya kutambua mashine ilitumika kuchagua wa kudhuriwa. Kwa miaka mingi tumezoea kuipita mistari hiyo bila kuisoma, na aliyeutega mtego alilijua hilo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkirudi ofisini, tafuteni uname -m katika skripti zenu zote, na kila mnapoikuta, iwekeni kando ya gcc -dumpmachine mwone kama majibu yanalingana. Na ujenzi ukikwama, msinitumie picha ya skrini. Nitumieni faili la config.log lote, kuanzia mstari wa kwanza.