Chakula cha Kwaresima



Bwana wetu alipowaambia wanafunzi kwamba chakula chake ni kuyatenda mapenzi ya Baba, alikuwa kisimani Samaria, katika nchi ya watu wasiopatana na Wayahudi. Chakula hicho ndicho tukitafute Kwaresima hii. Kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni wajibu, wala si mzigo mkubwa. Mzigo tunao hapa Tarime: mwaka 2009 Wanchari na Warenchoka walipigana, nyumba zikateketezwa. Je, tutashiriki meza moja ya Bwana huku zizini mna ng'ombe wa jirani? Njia ya Msalaba tuisali kila Ijumaa. Lakini kabla ya Pasaka kila jumuiya, Tarime na Serengeti, itume wazee wawili wavuke mpaka wa ukoo, wakaketi na wenzao. Akina mama wasiachwe. Wao ndio waombolezao wana.