BARABARA YA FEDHA NA MIZANI ILIYO WAZI

Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu cha Ushirika



 Wenzangu waliotangulia wamesimulia habari za maghala tuliyojenga na korosho tulizouza katika miaka hii kumi. Mimi nimeagizwa kusema juu ya safari ya mwisho ya korosho zetu, yaani safari ya fedha kutoka mnadani hadi mkononi mwa mkulima. Hapana budi nianze na kosa langu mwenyewe.

Msimu mmoja, nilipokuwa nikiandika orodha ya malipo ya chama changu cha msingi, nilikosea tarakimu moja ya akaunti ya mwanachama wetu, mama mjane. Fedha zake zikaingia katika akaunti ya mtu asiyemjua. Kwa muda wa siku 19 mama yule alikuja ofisini kwangu, akaketi kwenye benchi, akauliza kwa upole kama kuna habari. Mwishowe fedha zilipatikana, lakini alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili ili mwanawe arudi shuleni. Hakunilaumu, na kwa sababu hiyo sijasahau.

Ndugu wanachama, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaingia hapa Tanzania. Ilikuwa neema kubwa kwa watu wa vijijini, ambao benki kwao ilikuwa mwendo wa siku nzima. Lakini kila kampuni ilijijengea ua wake. Mtu wa kampuni hii hakuweza kumwekea fedha mtu wa kampuni ile moja kwa moja katika simu yake. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni za hapa nchini zilianza kupatana na kufunguliana milango, na mwaka 2016 kampuni kubwa iliyosalia nayo ikaingia. Watu wa nchi nyingine walikuja kujifunza kwetu.

Hata hivyo, mapatano ya wawili wawili yana taabu yake. Tuseme vyama vya msingi ni 10, na kila kimoja chataka barabara yake kufikia kila chama kingine. Zitahitajika barabara 45. Bali vikikubaliana kuwa na ghala moja katikati, barabara 10 zatosha. Hii ndiyo sababu ya kuwapo kwa Chama Kikuu hiki, na ndiyo sababu ya kujengwa kwa mifumo ya malipo ya papo kwa papo: benki zote na kampuni zote za simu hukutana katika kituo kimoja. Hapa kwetu Benki Kuu ya Tanzania imejenga mfumo wa namna hiyo kwa mikono ya wataalamu wake yenyewe, nao huitwa TIPS.

Sasa nataka niseme juu ya programu huria, maana vijana wetu wamekuwa wakiniuliza. Kila kompyuta huongozwa na maandishi ya ndani. Kampuni nyingi huyafunga maandishi hayo, na atakaye kuyatumia hulipa ada mwaka hata mwaka bila kujua kilichomo. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi. Mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha, pasipo kununua ruhusa.  Mwezi wa Oktoba 2017 Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa programu ya namna hiyo kwa ajili ya malipo ya watu wa kipato kidogo. Jina lake ni Mojaloop, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno letu la Kiswahili, moja. Tangu mwaka 2020 ina taasisi yake ya kuitunza.

Nitaeleza kwa ufupi jinsi ifanyavyo kazi, kwa kuwa hapa ndipo nilipomkumbuka mama yule. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza, kituo huuliza: nambari hii ni ya nani, na fedha zake zawekwa wapi? Jina huletwa mbele ya mlipaji kabla senti moja haijatoka. Pili, pande mbili hupatana juu ya kiasi na gharama, na mlipaji huziona mapema. Tatu, fedha hushikwa upande wa mlipaji, upande wa mpokeaji hutoa thibitisho, ndipo vitabu vyote viwili huandikwa. Thibitisho lisipofika kwa wakati, fedha hufunguliwa na kubaki kwa mwenyewe. Tena kila benki huweka dhamana mapema, wala kituo hakiiruhusu kutuma kupita dhamana hiyo. Laiti jina la mpokeaji lingetokea mbele ya macho yangu msimu ule, kosa langu lingejulikana kabla ya kuleta madhara.

Wazee wetu watatambua kwamba jambo hili si geni. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, moja ya ahadi zao ilikuwa ni kipimo kamili. Nasi hapa tuliamua kwamba mizani ikae nje, mkulima aione. Programu huria ni mizani iliyokaa nje.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, sitaki kuwadanganya wanachama. Mizani iliyo wazi haimfai asiyejua kuisoma. Uwazi wa programu peke yake haushushi gharama. Mwaka 2021 Serikali ilipoweka tozo katika miamala ya simu, watu walilalamika, na tozo ikapunguzwa mwaka uleule. Mashine hazikuwa na kosa. Gharama huamuliwa mezani, na asiyeketi mezani huletewa hesabu tu. Tena malipo ya papo kwa papo yakiisha kufika, kwa kawaida hayarudi. Wepesi ule ule unaomfaa mkulima humfaa na mwizi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uyatafakari mambo matatu.

La kwanza, kila chama cha msingi kisafishe daftari la wanachama kabla ya msimu ujao, jina kwa jina na nambari kwa nambari, mbele ya mwanachama mwenyewe. Wako akina mama wengi wanaolima shamba lao, na malipo huingia katika simu ya mtu mwingine. Hilo litazamwe kwa haki.

La pili, Chama Kikuu kiombe kwamba sauti ya wakulima isikiwe pale kanuni na gharama za malipo zinapopangwa. Mwaka 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma. Basi tuitumie kama mlango wetu.

La tatu, tuwasomeshe vijana wawili au watatu wa wanachama kazi ya kompyuta, wapate kuyasoma maandishi hayo yaliyo wazi na kutueleza. Tulipofungua chama hiki hatukuwa na mtunza hesabu hata mmoja aliyezaliwa katika vijiji vyetu. Leo tunao.

Mama niliyemtaja yupo hapa leo, miongoni mwa wanachama wetu. Nilimwomba ruhusa ya kulisimulia jambo lake, akaniambia, “Sema, mwanangu, ili lisimpate mwingine.” Nami nimesema. Yaliyobaki ni kazi yetu sote.

 Mungu aubariki ushirika wetu.