Nani Ameiponya Kano?

Juma hili tuzungumze juu ya sindano inayosifiwa sana na wanamichezo na watu wenye maumivu sugu ya kisigino, kiwiko au goti. Mgonjwa hutolewa damu yake mwenyewe, ikazungushwa kwa kasi katika mashine hadi ijitenge matabaka. Lile tabaka lenye chembe nyingi za kugandisha damu hudungwa kwenye kano, yaani ule ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Hoja ni kwamba chembe hizo ndizo zinazoanza kazi ya kuziba jeraha. Basi zikipelekwa kwa wingi mahali palipochakaa, zitaharakisha kupona.

Hoja hiyo inavutia, na juu yake kuna picha. Kwa ultrasaundi, mawimbi ya sauti huchora kano kwenye kioo cha mashine. Kano nzima huonyesha nyuzi zilizolala sambamba kama za kamba mpya. Iliyochakaa huwa nene, ina mabaka meusi, na nyuzi zake zimevurugika. Mgonjwa akionyeshwa picha ya kabla na ya baada ya miezi sita, akaona mabaka yamepungua, atasema nini? Atasema sindano imemponya.

Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo.

Nchini Uholanzi, Daktari Robert-Jan de Vos na wenzake waliwachukua wagonjwa 54 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino. Nusu walidungwa maji hayo ya damu yao, nusu wakadungwa maji ya chumvi tu, na hakuna mgonjwa aliyejua amepata nini. Wote walipewa zoezi la kusimama kwenye ngazi na kushusha kisigino polepole. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya wiki 24, katika kipimo cha alama 100, waliopata damu walikuwa wamepanda kwa alama 21.7, na waliopata maji ya chumvi kwa alama 20.5. Tofauti hiyo haina uzito. Mwaka 2011 zikafuata habari za picha: kano za makundi yote mawili zilikuwa zimetengemaa, wala hakuna kundi lililolipita jingine.

Yafikirini hayo. Hata mgonjwa wa maji ya chumvi angeweza kuonyeshwa picha mbili za kumfurahisha. Picha haikusema uongo. Ilionyesha kwamba kano imepata nafuu, lakini haikuweza kusema nafuu hiyo imeletwa na nini: sindano, zoezi, au siku kupita.

Huko Uingereza jaribio kubwa zaidi, la watu 240 wenye tatizo hilo hilo, lilitoa jibu lake mwaka 2021. Baada ya miezi sita, sindano ya damu haikuishinda sindano ya kuigiza.

Sisemi ultrasaundi haina kazi. Humwonyesha daktari kano iliyokatika, na humwongoza apeleke sindano mahali panapotakiwa. Lakini wako watu ambao kano zao huonekana mbovu kwenye picha na hawasikii maumivu yoyote. Anayetibiwa ni mtu, si picha.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nauliza kwa sababu sindano hii ina gharama, na anayeilipia mara nyingi ni mtu aliyechoshwa na maumivu, ambaye yuko tayari kutoa hata fedha ya karo. Kabla hujafungua pochi, mwulize daktari wako swali moja: nafuu hiyo imelinganishwa na nini? Muulize pia kama umekwisha kupewa zoezi linalokufaa, na kama umelifanya kwa miezi, si kwa siku tatu. Ngazi ya nyumbani haidai malipo, ila inadai subira, na wahenga walisema mstahimilivu hula mbivu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.